Mikia Myekundu: Sifa ya Uongo Ni Sifa Gani?

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za marubani weusi wa Marekani waliopigana katika vita kuu ya pili, wale walioitwa Mikia Myekundu kwa sababu ya rangi waliyopaka nyuma ya ndege zao. Wengine wameona sinema ya mwaka 2012 inayoitwa kwa jina hilohilo, Red Tails. Habari hiyo inampendeza kila Mwafrika, na ni haki impendeze. Lakini ndani yake limeingia neno moja lisilo la kweli, na kwa bahati mbaya ndilo watu wanalolikumbuka kuliko mengine yote: kwamba marubani hao walisindikiza ndege za mabomu mara mia mbili, wala hawakupoteza hata moja.

Katika makala hii ningependa kuuliza mambo matatu. Neno hilo lilitoka wapi? Nani alilipima, na kwa namna gani? Tena, kwa nini sisi tunaowapenda watu hao tungepaswa kuwa wa kwanza kuliacha?

I. Watu wenyewe

Mwaka 1925 Chuo cha Vita cha jeshi la Marekani kilitoa andiko juu ya kazi ambazo watu weusi wangeweza kupewa vitani. Andiko lile lilisema, kwa maneno ya kitaalamu, kwamba mtu mweusi ana akili ndogo, kwamba ni mwoga, na kwamba hafai kutoa amri. Waliolitunga walikuwa maofisa wenye masomo. Likakaa katika ofisi za wakubwa miaka mingi, nao walilitumia kama jibu lililokwisha kuandikwa kwa kila kijana mweusi aliyetaka kupanda cheo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Benjamin O. Davis, mtoto wa ofisa mweusi. Aliingia chuo cha maofisa cha West Point mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake wazungu walikataa kusema naye isipokuwa kwa lazima ya kazi. Alikaa peke yake katika chumba chake, alikula kimya katikati ya watu. Mwaka 1936 alimaliza masomo, akawa wa 35 katika darasa la watu 276. Aliomba kuingia jeshi la anga. Akajibiwa kwamba huko hakuna kikosi cha weusi, wala hakuna shauri la kukianzisha.

Kwa kusukumwa na magazeti ya weusi na vyama vyao, serikali ilikubali mwishowe. Kikosi cha 99 kilianzishwa mwezi wa Machi 1941, na mafundisho yakafanyika Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Watu 13 walianza darasa la kwanza. Siku ya 7 Machi 1942 watano tu walipewa mabawa ya rubani, na Davis alikuwa mmoja wao.

Mwezi wa Aprili 1943 kikosi kilivuka bahari, kikashuka Moroko, kikaendelea mpaka Tunisia. Basi, vita vyao vya kwanza vilianzia juu ya udongo wa Afrika: tarehe 2 Juni 1943 waliruka kutoka Tunisia kwenda kupiga kisiwa cha Pantelleria. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Julai, Charles Hall aliangusha ndege ya Ujerumani karibu na Sicilia. Ilikuwa ya kwanza.

Lakini mwezi wa Septemba mwaka uleule Koloneli William Momyer, mkubwa wa kundi walilofanya kazi pamoja nalo, aliandika mashtaka. Alisema hawana ukali wa vita, hawashikamani wanaposhambuliwa. Karatasi ile ilipanda ngazi kwa ngazi mpaka Washington, na wakubwa waliopita njiani waliitia nguvu. Davis aliitwa kujibu mbele ya kamati. Alijibu kwa utulivu, kwa hesabu ya kazi iliyofanyika. Uchunguzi ukaamriwa, kikosi cha 99 kikalinganishwa na vikosi vingine vya ndege za aina ileile, na ikaonekana kwamba hakikuwa nyuma yao. Wakati karatasi zilipokuwa zingali zinapimwa, kikosi kilitoa jibu lake angani: juu ya Anzio, tarehe 27 na 28 Januari 1944, kiliangusha ndege zaidi ya kumi kwa siku mbili.

Baadaye vikosi vinne, cha 99, 100, 301 na 302, vilikusanywa kuwa kundi moja, kundi la 332, chini ya Davis, katika uwanja wa Ramitelli, upande wa mashariki wa Italia. Kazi yao kubwa ilikuwa kusindikiza. Ndege kubwa za mabomu, kila moja ikiwa na watu kama kumi ndani yake, zilikwenda polepole na kwa safu mpaka kwenye viwanda vya mafuta na reli za adui. Ndege ndogo ziliruka juu yake, zikienda mshazari huku na huku ili zisiziache nyuma. Kazi hiyo ina kishawishi chake: rubani akiona ndege ya adui inakimbia, anatamani kuifuata apate jina. Davis aliwakataza. Aliwaambia kwamba wapo kwa ajili ya watu walio ndani ya ndege kubwa. Tangu Juni 1944 mpaka mwisho wa Aprili 1945, kundi lilifanya safari 312 chini ya Jeshi la Anga la 15, na 179 kati yake zilikuwa za kusindikiza. Jumla ya ndege ambazo marubani hao weusi waliangusha angani katika vita vyote, kuanzia ile ya Hall, ni 112.

Hayo ndiyo mambo yaliyo hakika. Msomaji atakubali nami kwamba yanatosha kabisa.

II. Neno lilivyozaliwa

Mwanzo wa mwaka 1945 magazeti yalianza kuandika kwamba kundi la 332 halijapoteza ndege ya mabomu hata moja. Tarehe 24 Machi 1945 gazeti la weusi Chicago Defender lilitangaza kwamba kundi limetimiza safari ya 200 bila hasara hiyo. Siku ileile ambayo watu wa Chicago walikuwa wakilisoma gazeti lao, marubani wa kundi walikuwa njiani kuelekea Berlin, safari yao ndefu kuliko zote. Waliangusha ndege tatu za Wajerumani zisizo na panga, zile za jeti. Lakini siku hiyohiyo ndege tatu za mabomu walizozisindikiza ziliangushwa na adui.

Hatuwezi kumhukumu vibaya mwandishi wa gazeti. Alikuwa mbali, vita vilikuwa vingali vinaendelea, na watu wake walikuwa na njaa ya habari njema. Kosa ni la wale waliokuja nyuma, waliokuwa na nafasi ya kupima wasipime. Neno likaingia katika hotuba, likaingia katika vitabu, likaandikwa kwenye vibao vya ukumbusho. Kila mmoja alimtegemea aliyemtangulia. Watu mia walilisema, lakini ukiwauliza walilipata wapi, utarudi mpaka kwenye karatasi moja ya gazeti.

III. Neno lilivyopimwa

Mwaka 2006 mashaka yalitokea hadharani, na tena yalitokea kwa watu walio karibu na mashujaa wenyewe, ndani ya chama chao. Mwanahistoria wa jeshi la anga, Daniel Haulman, aliyefanya kazi Alabama katika nyumba ya kuhifadhi karatasi za jeshi hilo, alianza uchunguzi. Namna yake inastahili kujulikana na kila kijana anayetaka kuandika historia, kwani haina uchawi ndani yake.

Kwanza alitafuta habari za kila siku za kundi la 332, apate kujua siku gani lilisindikiza nani, wapi, saa gani. Pili alitafuta habari za makundi ya ndege za mabomu kwa siku zilezile. Tatu alitafuta zile karatasi zilizoandikwa kila ndege ilipokosa kurudi, zinazotaja mahali ilipoonekana mara ya mwisho, saa, na sababu: mizinga ya chini, ajali, au ndege ya adui. Aliziweka mbele yake zote tatu, akaona zinakubaliana wapi. Matokeo yake: ndege 27 za mabomu ziliangushwa na ndege za adui wakati kundi la 332 lilipokuwa na kazi ya kuzisindikiza. Hasara hizo zilitokea katika safari 7 tu kati ya 179. Siku moja mbaya, tarehe 18 Julai 1944, katika safari ya kwenda Memmingen, Ujerumani ya kusini, ilichukua 15 peke yake.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya hesabu, ambayo wapenda hadithi wanaisahau. Makundi mengine ya kusindikiza katika Jeshi la Anga la 15, kila moja lilipoteza kwa wastani ndege 46. Kundi la weusi lilipoteza 27.

Tena kuna ushahidi mwingine uliokuwa mbele ya macho ya watu tangu mwanzo. Davis alipewa nishani kwa safari ya tarehe 9 Juni 1944, ya kwenda Munich. Karatasi ya nishani inamsifu kwamba alipanga vikosi vyake kwa ustadi, hata ndege za mabomu, ingawa adui walikuwa wengi, zikapata hasara chache tu. Hasara chache! Aliyeiandika hakuona aibu kusema hivyo, kwa maana katika vita hiyo ni sifa kubwa. Karatasi ya nishani ya mkubwa wao mwenyewe ilikuwa inakataa ile hadithi kwa miaka sitini, na watu waliipita.

Baadhi ya wazee waliopigana vita hivyo waliumia moyo waliposikia matokeo hayo. Tunawaelewa. Mtu aliyetukanwa ujana wake wote, akazeeka na sifa moja mkononi, hawezi kufurahi anapoona mtu anaigusa.

IV. Sinema mbili

Sinema zimefanya kazi gani katika shauri hili? Ya kwanza, The Tuskegee Airmen, ilitoka mwaka 1995. Inalirudia neno la ndege isiyopotea, lakini ina wema mmoja mkubwa: inaanza mwanzoni, katika shule, na kuonyesha wale waliofukuzwa na wale waliokufa katika mafundisho. Mtazamaji anajifunza kwamba ushujaa una masomo, una mitihani, una uchovu.

Ya pili, Red Tails, iliongozwa na Anthony Hemingway na kulipiwa na George Lucas kwa feza yake mwenyewe, kwa kuwa makampuni makubwa yaliogopa sinema yenye wachezaji karibu wote weusi. Kwa hilo anastahili shukrani. Picha za angani ni nzuri ajabu. Lakini nikiipima kama kazi ya historia, naona upungufu wa namna tatu.

Kwanza, imewanyang'anya watu majina yao. Davis hayumo; mahali pake yumo koloneli mwingine wa kubuni. Hall hayumo. Mtu aliyekaa miaka minne bila kusemeshwa, kisha akarudi kuongoza vikosi vinne, ni habari kubwa kuliko yoyote ambayo mtunga sinema angeweza kubuni. Nayo imeachwa, kwa kuwa sinema inaanza Italia, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto.

Pili, inawainua weusi kwa kuwashusha wengine. Inaanza na wasindikizaji wazungu wanaokimbilia sifa na kuacha ndege kubwa ziteketee, ili Mikia Myekundu waje kuwa wokovu. Lakini amri ya kukaa karibu na ndege za mabomu haikuwa ya Davis peke yake. Makundi mengine pia yalipewa. Tofauti ya 27 na 46 inaonyesha kwamba watu wa Davis waliifanya kazi ile vizuri. Haionyeshi kwamba wengine walikuwa watoro.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, imefanya ubaguzi kuwa tabia ya mtu mmoja mwenye uso mkali, na dawa yake kuwa ngumi. Katika sinema rubani mweusi anaingia kilabu cha maofisa wazungu, anatukanwa, anapiga. Baadaye wazungu wanamkaribisha pombe pamoja na wenzake, na maneno yamekwisha. Lakini mambo ya kweli yalikuwaje? Mwezi wa Aprili 1945, katika uwanja wa Freeman, jimbo la Indiana, maofisa weusi wa kundi la 477, kundi la ndege za mabomu ambalo halikupelekwa vitani, waliingia kwa zamu katika kilabu cha maofisa walichokatazwa. Walikamatwa bila kupigana. Kisha waliletewa karatasi inayosema kwamba wamesoma na kuikubali amri ya kuwatenga, wakaamriwa kutia sahihi. Walijua kwamba kukataa amri ya mkubwa wakati wa vita kunaweza kuleta hukumu ya kifo. Maofisa 101 walikataa kutia sahihi. Watatu waliletwa mbele ya baraza la vita, na mmoja wao, Roger Terry, alitozwa dola 150 kwa kosa la kumsukuma ofisa. Mwaka 1995, baada ya miaka hamsini, hukumu yake ilifutwa.

Angalieni: Momyer alishtaki kwa karatasi, kilabu kilifungwa kwa karatasi, na wale 101 walishinda kwa kutotia sahihi kwenye karatasi. Ubaguzi ule ulikaa katika ofisi, ulikuwa na muhuri na tarehe. Momyer mwenyewe alipanda mpaka kuwa jenerali wa nyota nne. Sinema inayotuonyesha ngumi haitufundishi namna ya kuutambua adui wa namna hiyo.

V. Madhara ya uongo mzuri

Mtu ataniambia: Padri, watu hawa walidharauliwa vya kutosha. Waachieni hadithi yao. Inamdhuru nani?

Najibu kwamba inawadhuru watu wawili. Wa kwanza ni wale waliokuwa ndani ya ndege 27. Kwa kila ndege watu kama kumi: wengine waliruka kwa miavuli wakafungwa na adui, wengine waliungua. Kila tunaposema kwamba hakuna hata ndege moja iliyopotea, tunawaambia watu hao kwamba hawakuwako. Hakuna sifa ya mtu hai inayoweza kulipwa kwa kumfuta maiti.

Wa pili ni marubani wenyewe. Fikirini kidogo. Kundi la wazungu lilipoteza ndege 46, na watu wake wakaitwa mashujaa, bila mtu kuuliza zaidi. Kwa nini basi kundi la weusi lazima liwe halikupoteza hata moja ndipo liitwe hivyo? Anayedai hivyo bado anatii andiko la 1925. Amegeuza tu jibu; swali amelibakiza lilelile. Andiko lile lilisema mweusi hafai mpaka athibitishe. Naye anakubali, na kukimbia kuleta uthibitisho usio na doa. Lakini binadamu anaporuka angani siku 179, katikati ya mawingu na risasi, atashindwa siku 7. Aliyeshindwa siku 7 akarudi siku ya nane, huyo ndiye ninayemtambua kuwa ndugu yangu. Yule asiyeshindwa kamwe ni sanamu.

Tena kuna hatari ya kawaida. Sifa ya uongo ikifumbuliwa, huanguka pamoja na ile ya kweli iliyosimama karibu nayo. Kijana aliyefundishwa kwamba hakuna ndege iliyopotea, akisikia siku moja kwamba zilipotea 27, atasema: kumbe yote yalikuwa maneno tu. Hatangoja kusikia kwamba wengine walipoteza 46.

Wanafunzi wa seminari wanajua sheria ambayo Cicero aliwapa waandishi wa historia: wasithubutu kusema uongo, wala wasiogope kusema kweli. Papa Leo XIII aliirudia mwaka 1883, katika barua yake juu ya mafundisho ya historia, wakati alipokuwa amekwisha kuwafungulia wataalamu hazina ya maandiko ya Vatikano. Wakati ule wengi waliogopa kwamba karatasi zingeliaibisha Kanisa. Yeye alifikiri kwamba jambo jema halina sababu ya kuogopa karatasi. Ninafikiri hivyo pia juu ya Davis na watu wake.

VI. Na sisi?

Sisi wa Kongo tunayo madeni yetu ya namna hiyo. Asikari wa Force Publique walitembea mpaka Abisinia, na mwezi wa Julai 1941 jeshi la Italia lilijitoa mikononi mwao huko Saio. Hakuna hata mmoja wa asikari hao weusi aliyekuwa ofisa. Habari zao zimeandikwa zaidi na wakubwa wao, na nyumbani kwetu zimebaki katika vinywa vya watoto na wajukuu, zikiongezeka hapa na kupungua pale. Siku moja mtu atataka kuzitengenezea sinema.

Kabla ya siku hiyo nawaomba walimu na waseminari wafanye kazi ndogo. Mahali palipo na familia ya asikari wa zamani, waulize jina lake, namba yake, kikosi chake, aliumwa wapi, alilipwa nini, nani alikufa karibu naye. Wasimwongezee mtu adui mia aliowaua peke yake. Waandike pia siku alizoogopa, kama wazao wake wanazijua. Kisha walinganishe na karatasi, kama Haulman alivyolinganisha. Na wakikuta kwamba babu alishindwa mahali fulani, waandike mahali, waandike tarehe, kisha waendelee na ukurasa unaofuata.